Neno Alilolifunika Abdias

Kama ulisali Butembo miaka ile ya vita, kanisa lolote la Waprotestanti, hukosi kumjua Abdias. Hata kama uso wake umekutoka, sauti yake hujaisahau. Mhubiri akija kutoka mbali na Kifaransa chake, wa pili kupanda mimbarani alikuwa yeye, mwalimu wa Kifaransa wa sekondari, mrefu, mwembamba, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote hata jua liwake namna gani. Mhubiri akinong'ona, Abdias ananong'ona. Mhubiri akiruka, Abdias naye anaruka, na magoti yale ya mtu mzima! Watu walikuwa wanasema mahubiri yanakolea zaidi mdomoni mwa mtafsiri kuliko kwa mtumishi mwenyewe. Na yeye alikuwa anayasikia maneno hayo, usidhani alikuwa kiziwi.

Kazi hiyo ina sheria zake. Sheria moja ni kwamba mtafsiri hanyamazi. Ukinyamaza kidogo tu, kwaya inaanza kukohoa, watoto wanaanza kucheka, na mhubiri anakutazama kama mtu aliyeibiwa. Neno likikupotea, tia methali, tia haleluya, lakini usiache shimo. Sheria nyingine, nayo ndiyo kubwa, ni kufunika. Mgeni hajui desturi ya watu. Kuna siku mhubiri mmoja alifundisha juu ya ndoa, akaingia kueleza mwili wa mke wake, kiuno na vingine, mbele ya wakwe na mama wakwe waliobanana kwenye benchi moja. Jamani! Abdias hakupepesa jicho. Akasema, "Mutumishi anasema, bibi muzuri ni zawadi ya Mungu." Kanisa lote likaitika amina. Baada ya ibada mzee mmoja alimshika mkono kwa mikono yake miwili akamwambia, "Mwalimu, umetufunika. Wasingya, aksanti." Kwetu huko, kumfunika mtu ni kumpa heshima.

Sifa zikatoka kanisani zikaenda mbali. Wataalamu waliokuja na mashirika walimtafuta Abdias. Agronome mmoja, mtaalamu wa kilimo, alimpeleka Vuhovi, mahali maharage yalikuwa yanageuka manjano kabla ya kutoa maua. Mama mwenye shamba akasema, "Shamba imechoka, inataka kulala." Agronome akasema hapana, udongo una asidi. Wakabishana hivyo asubuhi nzima, Abdias katikati, mpaka akagundua kwamba mama anazungumza juu ya mgonjwa na agronome anazungumza juu ya chumvi na chokaa, na wote wawili wameinamia konzi moja ya udongo. Safari nyingine walikuwa watu wa sheria, waliokuja kusikiliza waliochomewa nyumba. Kila aliyesimama alisema, "Vita ilitupitia." Mwanasheria akagonga meza. "Vita haina mikono! Nani alichoma?" Watu wakatazama chini. Katika maneno yao balaa ilikuja yenyewe, kama mvua ya mawe, na hakuna anayeishitaki mvua ya mawe. Lakini sheria, kama hujaitajia mtu, haioni kosa.

Abdias aliyaweka hayo yote moyoni. Mwanzoni mwa mwaka 2003 wakamwita kuzungumza na wanafunzi wa vyuo pale Butembo, wa kilimo, wa sheria na wa uuguzi pamoja. Akafunga tai. Akawaambia, "Kila elimu iko na mulango yake, na mulango ni neno. Mwenye hana neno anabakia inje, hata kama shamba ni yake, hata kama ugonjwa ni yake. Na sisi batafsiri, ndiyo tunashika funguo." Makofi! Wanafunzi wakasimama. Abdias akarudi nyumbani kwa miguu, polepole, ili watu wamwone.

Haya. Sasa sikiliza namna huyo mshika funguo alivyomfungia mlango mtu wa nyumbani kwake.

Mvua za Aprili zilikuta Beni imejaa wakimbizi wa vita waliokuja kwa barabara ya Komanda, Eringeti, Oicha na Mbau, magodoro kichwani. Madarasa yaligeuka vyumba vya kulala. Hospitalini shirika moja lilileta daktari kutoka Benin, docteur Melchior, mtu mnene, mpole, asiyejua neno la Kiswahili isipokuwa "pole", na hilo alilisema hata akipewa chai. Wakamwita Abdias aje amtafsirie. Akapanda kamyo kutoka Butembo, akapewa kitanda nyumba ya wageni ya parokia.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua mlango, docteur Melchior alimvuta kando. Akamwambia kwamba wiki hiyo mama mpasuaji amefika, yule anayeshona wanawake wanaovuja mkojo tangu uzazi mgumu. Jumamosi ndege inamchukua, na kwa vita hivi hakuna anayejua kama atarudi. "Kuna akina mama watakaoona haya kulisema," daktari alisema. "Watazunguka. Wewe unaijua mizunguko yao. Ukilisikia tu, niambie, tumpeleke kwake."

"Niachie mimi, docteur," Abdias akajibu.

Na kweli, bado jua halijapanda, akaingia mwanamke wa Eringeti. Alianza na habari ya mvua, akaendelea na nyumba yake ambayo bati lake limetoboka tangu mtoto alipozaliwa amekufa, akasema hakuna siku hiyo nyumba inakauka. Abdias alimwelewa palepale. Akaligeuza neno lile kuwa Kifaransa cha hospitali, kinachotaja kiungo kwa jina lake bila kuona haya. Yule mama akavushwa uwanja, akaenda kwa mpasuaji. Docteur Melchior akampiga Abdias begani. Abdias akasimama wima zaidi.

Pazia likafunguliwa tena. Akaingia Joyeuse.

Joyeuse alikuwa mkamwana wake, mke wa Précieux, kifungua mimba wa Abdias. Wawili hao walikuwa na duka Komanda. Vita vilipofika kule mwishoni mwa mwaka uliotangulia, Précieux alikuwa Kampala kuchukua bidhaa, na Joyeuse, mwenye mimba kubwa, akakimbia peke yake na watu wa njiani. Tangu hapo kimya. Précieux alikuwa anamtafuta kambi kwa kambi upande wa Uganda. Watu wa Butembo walishaanza kusema matanga yafanyike, lakini mke wa Abdias, mama Jokébed, alikataa katakata. "Sijaona kaburi," alisema. Kila Jumapili kanisani walimwomba Mungu amrudishe huyo mtoto wao Joyeuse, na Abdias mwenyewe ndiye aliyeyatafsiri maombi hayo mgeni akiwepo.

Na sasa huyu hapa, mzima, amekonda, kikwembe cha kuazima kimefungwa mara mbili. Ungefikiri Abdias atalia kwa furaha. Ungefikiri atapiga kelele ya kumshukuru Mungu. Aka! Kitu cha kwanza alichokipata kilikuwa harufu. Cha pili alikiona kwenye kikwembe, nyuma, pale kilipolowa. Furaha ilikuja, siwezi kumsingizia, lakini ilikuta aibu imeshakalia kiti.

Kuna jambo lazima ulijue. Kwa watu wa Abdias, baba mkwe na mkamwana wanaheshimiana kwa umbali. Hawakai kwenye mkeka mmoja, hawali sahani moja. Wanasalimiana, kila mmoja akitazama upande wake, basi. Miaka yote ya ndoa ile, aliyoyajua Abdias juu ya Joyeuse ni kwamba anatoka Lubero, kwao wanalima viazi, anapika vizuri, na haachii macho yake yapande. Hajawahi kumuuliza kitu kinachozidi "Mulilala?" Halafu pale kwenye dirisha la dawa alisimama infirmier Apollinaire, muuguzi, Mnande mwenzake wa Butembo, wa parokia ileile ya Abdias, mtu wa masikio marefu.

"Muulize anaumwa nini," docteur Melchior akasema.

Abdias akatazama meza. "Docteur anauliza, munaumwa nini?"

Joyeuse alikuwa amemtambua tangu alipoingia. Akashika ukingo wa meza. "Papa," akasema, pole pole, "mutoto alifia mu tumbo, kule pori ya Luna. Nilikamata uchungu siku mingi, hakuna mwenye kunisaidia. Mama mumoja wa Mbau, mama Hulda, ndiye alinichunga mpaka leo. Lakini tangu ile siku... mwili yangu haiko vizuri, papa. Haikauke."

Alikuwa amelisema. Mwanamke mwenye haya zake zote, mbele ya baba mkwe wake, amelisema. Mjukuu wa Abdias amekufa na habari yake iko hapo mezani, na mama yake anasubiri. Apollinaire dirishani ameacha kuhesabu vidonge.

Abdias akafunika.

"Elle est fatiguée, docteur. C'est tout." Yaani amechoka tu, kwa sababu ya safari. Na akaongeza homa kidogo, ili uongo usikae peke yake.

Joyeuse aliinua macho. Mara moja tu, akamtazama baba mkwe wake usoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya, kisha akayashusha. Abdias akajiambia kwamba ni heshima. Docteur Melchior akasema "pole" yake, akaandika vidonge vya homa na vitamini, akamwita mwingine.

Abdias aliomba ruhusa kidogo. Alimpeleka Joyeuse kwa mama shemasi mmoja aliyekaa karibu na parokia. Njiani alitangulia yeye, mbali mbele, na akajidanganya kwamba baba mkwe lazima atangulie. Kumbe alikuwa anaikimbia ile harufu, watu wasijue kwamba ni ya kwake. Kisha akatuma dereva wa kamyo ampelekee mama Jokébed habari, naye azitume kwa Précieux kule Uganda. Mambo ya wanawake, alifikiri, wanawake watayamaliza wenyewe. Jokébed akifika, ataongea yeye. Jumamosi iko mbali.

Lakini Jumanne ulimi ulimwia mzito. Alikuja mama mwingine mwenye shida ileile, na Abdias alipofungua mdomo kumtafsiria akaona jasho linamtoka. Alilisema neno. Kwa mtu asiye wake alilisema vizuri, kwa sauti ya kutosha, na kila silabi ilimrudia ikimuuliza: na yule je? Docteur Melchior alimuuliza kama ana malaria. "Nimechoka tu," Abdias akajibu, akasikia maneno yake mwenyewe, akaomba atoke akanywe maji.

Mama Jokébed alifika Jumatano alasiri, matope mpaka magotini. Aliposhuka kwenye kamyo alikuwa tayari analia na kucheka kwa pamoja. Alimkumbatia Joyeuse uani kwa mama shemasi, akampigia vigelegele mpaka majirani wakatoka. Mikono yake ndiyo iliyojua kabla ya macho. Akaomba maji ya moto, sabuni na kikwembe kingine, akaingia na mkamwana wake ndani, wakakaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuja moja kwa moja parokiani, mahali Abdias alikuwa ameketi na Biblia aliyokuwa haisomi.

"Papa Précieux," akasema, "docteur alisema nini juu ya mutoto?"

"Alisema amechoka."

"Docteur ndiye alisema?"

Abdias akafunua ukurasa mwingine wa Biblia.

"Ninauliza. Docteur alimuona akasema amechoka, ao ni weye ulimuambia docteur asema amechoka?"

"Mama Précieux, elewa. Ni mukamwana wangu. Mi nitafungua kinywa namna gani? Na Apollinaire alikuwa pale. Juma moja tu, Butembo yote ingejua."

"Butembo!" Mama Jokébed alipiga mikono. "Butembo ndiyo inavuja? Batu bote unabatafsiria. Ba Eringeti, ba Oicha, hata ile mama ya Vuhovi na maharage yake! Wa nyumba yako ndiye ulifunika. Ulifunika na mutoto mwenye alikufa, mujukuu wako, hata jina hana. Heshima gani hiyo? Mficha uchi hazai, Papa Précieux. Unamuficha mpaka asizae tena?"

Abdias aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Beni ilikaa vilevile.

"Mpasuaji anaenda Jumamosi," akasema kwa sauti ya chini.

Mama Jokébed hakujua habari ya mpasuaji. Abdias ilibidi amweleze, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona macho ya mke wake yanabadilika. Hasira iliyokuwamo iliondoka, na iliyobaki badala yake ilikuwa mbaya zaidi. "Kumbe ulijua," mama Jokébed akasema. "Jumatatu ulijua dawa iko pale, ngambo ya uwanja." Akarudi kwa mkamwana wake.

Alhamisi asubuhi Abdias alimngoja docteur Melchior mlangoni pa bureau, ofisi yake. Alifikiri maneno yatakwama. Ajabu, hayakukwama. Kwa Kifaransa aliyasema yote kwa pumzi moja, mimba, siku za uchungu porini, mtoto aliyekufa, mkojo, jina la kiungo, jina la ugonjwa, kwa utaratibu, kama mtu anayesoma somo. Lugha ile haina mkwe wala mkamwana. Ndipo akaelewa, na akaona haya upya, kwamba Jumatatu angeweza kuyasema vivyo hivyo, na hakuna ambaye mdomo wake ungeungua.

"Ulijua tangu Jumatatu?" daktari akauliza.

"Ndiyo, docteur." Kwamba Joyeuse mwenyewe alilisema, na yeye akalifunika, hakutaja.

Docteur Melchior aliketi. Hakupiga kelele, na heri angepiga. "Kwa kazi yangu," akasema, "kisichosemwa hakipo. Nilimpa vitamini." Kisha akainuka akavuka uwanja. Alikaa kule sana. Aliporudi alisema kwamba kesho imejaa, lakini mama mpasuaji amekubali kumwongeza mwishoni kama akipimwa sasa hivi na hali yake ikiruhusu. Wamlete haraka.

Wakamleta. Na desturi bado ilikuwa palepale chumbani, haikuondoka kwa sababu Abdias ametubu. Mama Jokébed ndiye aliyepanga watu. Kanisani, mhubiri wa mbali akija vijijini, hutafsiriwa na watu wawili, mmoja anatoa Kifaransa kwa Kiswahili, wa pili anatoa Kiswahili kwa Kinande. Basi akafanya vivyo hivyo. Abdias alikaa ameelekea ukuta, akitafsiri kwa Kiswahili, kumwambia mke wake. Mama Jokébed aliyapokea, akamwambia Joyeuse kwa Kinande, sikioni. Kila mtu mle ndani alikisikia Kiswahili vizuri kabisa. Lakini hivyo aibu ilipata mahali pa kukaa, na swali lilipita.

Uchungu ulichukua muda gani? Maji yanatoka kila saa, ama wakati wa kutembea tu? Amepata damu ya mwezi tena? Abdias aliuambia ukuta maswali hayo yote. Shingo ilikuwa imelowa, koti limemganda mgongoni. Majibu yalirudi kwa njia ileile, na safari hii hakupunguza hata moja. Docteur Melchior aliandika, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mama mpasuaji atamkubali, alisema. Kesho, mwishoni.

Mama Jokébed alianza kumshukuru Mungu kwa sauti. Daktari akainua mkono kidogo. Bado swali moja, akasema, siyo la hospitali, ni la kwake tu. "Muulize kwa nini Jumatatu hakuniambia."

Abdias alifungua mdomo.

Hakuna kilichotoka. Methali hakuna, haleluya hakuna. Yeye, ambaye miaka yote hakuacha shimo katika maneno ya watu, alinyamaza, na kimya kikakaa chumbani mpaka Apollinaire akageuka dirishani kutazama kuna nini. Mama Jokébed alingoja Kiswahili chake. Hakikuja.

Ndipo sauti ikatoka kitini, sauti ya kike, ya chini, haina haraka. Na ilikuwa Kifaransa. Siyo kile cha sokoni cha kuokoteza. Ni kile cha shule za misheni za Lubero, kilichonyooka, kila neno mahali pake.

"Nilisema, docteur," Joyeuse alisema. "Jumatatu nilisema yote. Mtafsiri ndiye hakusema."

Docteur Melchior akaweka kalamu chini. "Unajua Kifaransa? Kwa nini basi hukunisahihishia?"

"Ni baba wa mume wangu," Joyeuse akajibu, bado kwa Kifaransa, macho yake yako kwa daktari, hayaendi kwenye ule mgongo ulioelekea ukuta. "Mkamwana hamkatizi baba mkwe. Na nilipomsikia anasema nimechoka tu, nilifikiri ni jamaa yote imekwisha kuamua. Kwamba hawataki nipone. Kwamba nitarudishwa kwetu hivi nilivyo. Usiku ule nilifunga kikwembe changu, tayari kwa safari, nikangoja mtu aje aniambie niondoke."

Abdias alisikia yote. Hapakuwa na wa kumtafsiria, na hapakuwa na wa kumfunika. Lugha ambayo aliidhania chaka lake la kujificha, kumbe mkamwana wake alikuwa amesimama ndani yake siku zote akimtazama. Angemuuliza siku moja tu, katika miaka ile yote, ulisoma wapi, ulifika darasa gani, angejua. Hakumuuliza. Aliita hilo heshima.

Mama Jokébed, ambaye hakuelewa Kifaransa, alimtazama mmoja akamtazama mwingine. "Anasema nini?" akauliza. "Papa Précieux, mutoto anasema nini?"

Na Abdias, bado ameuelekea ukuta, akamtafsiria mke wake. Neno kwa neno. Hakuacha lile la mtafsiri, hakuacha lile la jamaa, hakuacha kikwembe kilichofungwa. Kila neno alilitoa kama mtu anayejichapa mwenyewe mbele ya watu, na Apollinaire dirishani alisikia, na Abdias alijua kwamba anasikia, na hakushusha sauti. Alipomaliza, mama Jokébed alimshika Joyeuse kichwa akakiweka kifuani. Abdias akatoka nje. Alilia nyuma ya tangi la maji, mtu mzima, koti limefungwa vifungo vyote.

Ijumaa jioni, jua likiwa bado lipo, mama mpasuaji alitoka chumba chake amechoka kweli, siyo uchovu wa kusingiziwa, akasema ameshona vizuri, sasa wangoje. Jumamosi ndege ikaondoka. Wakangoja. Wiki zile mama Jokébed alikuwa anapeleka chakula hospitalini, na Abdias anabeba sufuria mpaka mlangoni tu, anaiweka, anarudi. Alishamuuliza mke wake siku moja kama alijua habari ya kile Kifaransa. "Nilijua," mama Jokébed alisema. "Alimaliza masomo yake yote. Weye haukuuliza hata siku moja."

Siku waliyotoa mpira wa mkojo, kikwembe kilikaa kikavu asubuhi. Kikakaa kikavu mchana. Mama Jokébed alipiga vigelegele ambavyo walivisikia barabarani. Abdias alikuwa amesimama pale mlangoni na sufuria yake, hajui aingie ama akimbie.

"Entrez, papa," Joyeuse akasema kutoka kitandani.

Akaingia. Akasimama mbali, karibu na dirisha, akitazama sakafu. Hata hivyo aliona kwamba mkamwana wake ameketi wima, na kikwembe ni kile kizuri ambacho mama Jokébed alimletea kutoka Butembo.

Joyeuse aliendelea kwa Kifaransa, kwa adabu kamili, akimwita vous kama inavyotakiwa kwa mkubwa. Alisema docteur atapita baadaye kumuuliza mambo ya mwisho kabla hajaenda nyumbani. Alisema papa anaweza kubaki chumbani akipenda, yeye hana kinyongo. "Lakini kusema," akasema, "nitasema mwenyewe."

Abdias alitafuta jibu. Alikuwa amefundisha lugha ile nusu ya maisha yake, alikuwa ameifanya iruke mimbarani, alikuwa amewaambia wanafunzi kwamba yeye ndiye mshika funguo.

"Oui," akasema, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Kisha akachukua sufuria tupu ya jana, akatoka nayo kwenda kuiosha.